Tandiko la tatu ndilo farasi wangu amelikubali

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa farasi huku Laikipia, siku tano au sita mfululizo, kilomita 25 hadi 35 kwa siku. Tandiko la kwanza nililonunua kwa hela yangu lilikuwa la ngozi, la mtumba, mtindo wa Kiingereza. Zuri ajabu! Muuzaji alilitandika juu ya gogo, nikakaa, nikaona kama niko kwenye kochi, nikalipa. Farasi hakuulizwa.

Jioni ya siku ya pili njiani nililivua. Mgongo mzima umelowa jasho, ila nyuma kidogo ya mabega kuna mabaka mawili makavu, kila moja kama kiganja. Asiyejua angefurahi kuona pakavu. Kumbe hapo ndipo lilipokuwa linagandamiza, hata jasho likashindwa kutoka. Nilipobonyeza kwa kidole alilaza masikio. Baadaye manyoya yaliota meupe palepale, naye ni mwekundu, basi kila anayepita analisoma kosa langu.

La pili halikuwa na kiunzi ndani, laini kama godoro. Tambarare halina neno. Kwenye miteremko lilizunguka, na kilo zangu 84 zote zikakalia uti wa mgongo. Nikaliuza.

Sasa natumia la mtindo wa kijeshi: mbao mbili ndefu zinazotandaza uzito pembeni, katikati mfereji wazi. Jeshi la Marekani lilichagua tandiko la McClellan, lenye uwazi kama huo, mwaka 1859, na wapanda farasi wake walishinda humo kutwa. Pete za kufungia mizigo ziko tele. Ila makalio yangu yalilia wiki nzima, mpaka nikaweka ngozi ya kondoo. Vikuku vyake vya kukanyagia, vyembamba, pia niliving'oa, nikafunga vipana, magoti yakapona.

Ukienda kununua, nenda na farasi. Litandike bila blanketi: vidole viwili au vitatu vipite juu ya kinundu cha mabega, na nyuma lisivuke ubavu wa mwisho. Kisha panda saa nzima, livue, usome jasho. Muuzaji akikataa, mwachie tandiko lake. Na kiangazi kikikaza farasi akakonda, lipime upya, maana litaanza kucheza.

Safari iliyopita, siku ya sita, jasho lilikuwa sawa pande zote mbili. Nilipomfungua akajitupa chini, akagaagaa mavumbini kama punda.