Jean Valjean Yupi Uanze Naye? Rekodi Tano za Les Misérables Kwenye Mzani

Haya, karibuni. Leo tuna rekodi tano za Les Misérables, mchezo wa jukwaani unaoimbwa uliotokana na riwaya ya Victor Hugo, mezani, na swali ni moja tu: ukitaka kumsikia mhusika wake mkuu, Jean Valjean, mfungwa namba 24601, uanze na mwimbaji gani? Mavazi na jukwaa linalozunguka tunaviacha. Leo tunapima koo.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Valjean anadaiwa vitu viwili ambavyo ni nadra kukaa kwenye koo moja. Kipindi cha kwanza kuna "Who Am I?", pale anapojitaja mbele ya mahakama. Ile namba yake inaishia kwenye noti ya B ya juu, kwa nguvu zote. Halafu kipindi cha pili, mtu ameshaimba usiku kucha, inakuja "Bring Him Home", sala ya kumwombea kijana arudi nyumbani. Maneno ya kwanza tu yanaruka oktava nzima, yaani noti nane kwenda juu, sehemu kubwa ya wimbo inaimbwa kwa sauti ndogo, na mwisho kuna A ya juu ambayo inatakiwa ibaki hewani bila kusukumwa.

Wengi humpima Valjean kwa ile B. Mimi nasema pima hii A. Tenori, yaani mwanamume wa sauti ya juu, aliyefunzwa vizuri akipaza sauti, B ataifikia. Kazi ipo kwenye kupunguza sauti bila kushuka noti. Ukipunguza sauti ukiwa juu kule, msukumo wa pumzi nao unapungua, na koo linajitia kusaidia: zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linapanda, sauti inabanwa na kutokea puani. Au inavunjika ghafla kutoka sauti ya kifua kwenda falseto, ile sauti nyembamba ya juu, na ule ufa unausikia hata kama hujui muziki. Wengine hukimbilia kuimba kwa nguvu ili kuificha, na hapo sala inageuka kuwa amri.

Tuanze na Colm Wilkinson, kwa sababu kila kitu kinaanzia kwake. Ni Muairishi, koo la roki. Kabla ya hapo alishaimba Che, msimulizi, kwenye albamu ya kwanza ya mchezo wa kuimbwa wa Evita, ya 1976. Yeye ndiye Valjean aliyefungua onyesho London, ukumbi wa Barbican, tarehe 8 Oktoba 1985, kisha Broadway, New York, 1987. Toleo la kwanza, la Paris la 1980, halikuwa na "Bring Him Home" kabisa. Claude-Michel Schönberg aliitunga London wakati mazoezi yameshaanza, akijua Wilkinson anaweza kupanda juu na kukaa huko kwa upole. Kwa hiyo kila aliyekuja baadaye anavaa shati lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Wilkinson ana albamu ya 1985 na tamasha la miaka kumi, Royal Albert Hall, 1995. Chukua la 1995. Waimbaji wamesimama mbele ya maikrofoni, okestra ya Royal Philharmonic iko nyuma yao, na Javert, yule polisi anayemwinda Valjean, ni Philip Quast, ambaye kwangu hajapata mpinzani. Sikiliza Wilkinson anavyokwaruza chini halafu anateleza kwenda falseto bila kuonyesha mshono. Kasoro yake? Irabu. Anazikunja na kuzibana kwa namna yake mwenyewe, na wapo wasioivumilia hata dakika tano. Mimi naivumilia, maana mkwaruzo uleule ndio unaokuaminisha kwamba huyu mtu ametoka kifungo cha miaka 19.

Alfie Boe, tamasha la miaka 25, ukumbi wa O2, Oktoba 2010. Huyu ni tenori wa opera. Aliwahi kuwa Rodolfo, mhusika mkuu wa kiume wa opera ya La Bohème, hapo Broadway. Pumzi yake ndefu ajabu. Pale wenzake wanapovuta hewa katikati ya sentensi, yeye anapita moja kwa moja, na mwisho wa "Bring Him Home" anaipunguza sauti yake kamili mpaka inabaki uzi. Kwa koo tupu, hakuna anayemzidi kwenye orodha hii. Tatizo liko mwanzoni. Mwaka 1815 Valjean anatoka gerezani na chuki tele, na Boe anatoka kama aliyeoga na kunyoa. Sauti ya mwanzo na ya mwisho ni ileile, na miaka ya hadithi huisikii ikipita.

Ndiyo maana mimi namweka juu John Owen-Jones, wa Wales. Tafuta albamu ya onyesho la ziara ya 2010. Ni sauti tupu, picha hakuna. Anaanza kwa ukali, meno yamekaza, konsonanti zinagonga. Valjean akishakuwa meya, sauti inanyooka. Kwenye kufa inakonda, lakini noti haishuki hata kidogo. Tahadhari moja: mpangilio wa okestra ni mpya, na aliyezoea ule wa 1985 atashtuka.

Hugh Jackman, filamu ya 2012. Hapa tusimwonee. Waliimba papo hapo mbele ya kamera, kinanda kinasikika sikioni mwao, okestra ikaongezwa baadaye. Faida yake ni kwamba mwigizaji anaamua mwenyewe asimame wapi, na ile toba ya Valjean baada ya kusamehewa na askofu aliyemwibia ni nzuri kweli. Hasara ni kwamba kamera iko karibu na uso na anaimba kama anaongea, halafu ikija "Bring Him Home" hana pa kuegemea. Anaisukuma kwa kifua, inabanwa, mtetemo unapanuka. Tena kwa zile picha za mwanzo alikaa saa 36 bila maji ili uso ukonde. Mwimbaji yeyote atakwambia koo kavu ni adui. Itazame kwa uigizaji. Na huyo askofu ni Wilkinson mwenyewe.

Gary Morris, rekodi kamili ya 1988, CD tatu: nyota wa muziki wa kantri kutoka Texas. Inafaa kwa anayetaka kila mstari wa muziki, siyo kwa anayeanza.

Sasa, ukitaka kupima mwenyewe, sawazisha sauti kwanza. Albamu hizi hazina ukubwa mmoja wa sauti, na sikio hudhani iliyo juu zaidi ndiyo nzuri zaidi. Kwenye programu ya muziki, washa mpangilio wa kusawazisha. Tumia hedifoni; spika ya simu inameza ile pumzi ya mwisho. Na usimhukumu mtu kwa klipu iliyorekodiwa kwa simu ukumbini: simu hupandisha yenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo mnong'ono na ukelele vinatoka sawasawa, na tofauti hiyo inayopotea ndiyo hasa tunayoipima.

Kipimo safi kuliko vyote kiko kwenye DVD ya lile tamasha la O2 la 2010. Watu wakianza kupiga makofi usizime. Wanatoka Valjean wanne, Wilkinson, Owen-Jones, Simon Bowman na Boe, wanaimba "Bring Him Home" pamoja: okestra moja, ukumbi mmoja, usiku mmoja. Wilkinson hapo ana miaka 66. Rudia mara mbili, ya pili ukiwa umefumba macho, uone kama unaweza kusema nani ameingia kabla hujamwangalia.