Uzoefu wangu: wikendi Cannon Beach, Oregon (bukta ya kuogelea iache nyumbani)

Sisi tunakaa Portland, mpaka Cannon Beach ni kama saa moja na nusu kwa gari, nikamwambia mama watoto twende bahari tumeimisi. Mimi mtu wa Tanga bwana nikabeba na bukta kabisa. Jamani! Mwezi wa 7, jua linawaka, nimeingiza miguu tu ikafa ganzi, Pasifiki ya upande huu hata kiangazi maji ni baridi ya friji, wanaoingia wote wamejifunga masuti ya mpira mpaka shingoni. Kama unafuata kuogelea usiende.

Ila subiri maji yapwe sasa. Kuna jabali pale linaitwa Haystack Rock, mita 72 hivi kwenda juu, maji yakitoka unalifikia kwa miguu. Tuliangalia ratiba tukaamka saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali kabisa, mwanangu kuona viti vya pweza (starfish) vya zambarau na vya chungwa vimeng'ang'ania mwambani alipiga kelele watu wote wakageuka. Kulipanda marufuku, kuna watu wa kujitolea wanakuelekeza, wakatuonesha na puffin kwa darubini, kandege keusi kana mdomo wa chungwa kama kamepakwa rangi. Hapo nyota tano.

Mji wenyewe kadogo, watu kama 1,500, nyumba za mbao, maduka ya michoro na pipi, unaumaliza mapema tu. Shida bei. Hoteli yetu (siitaji) tumelipia chumba cha kuona bahari, bahari yenyewe mpaka utoe kichwa dirishani, na hita inanguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga. Nimelalamika nikapewa kahawa ya bure. Dada wa usafi akaniambia yeye hata hakai pale, kodi haiwezi, anatoka Seaside, mji wa jirani, kila siku.

Nilichopenda zaidi, fukwe za Oregon ni za umma, sheria ya 1967, hakuna mlinzi wa hoteli wa kukufukuza mchangani, waliotembea fukwe zetu wananielewa. Jioni tukawasha moto wetu pale pale tukachoma mahindi, mzungu wa jirani akaja kuuliza hiyo ndimu na pilipili tunapaka ya nini, akaondoka na mawili.

Tutarudi, ila na makoti, na kulala tutalala Seaside.