Uzoefu wangu: betri ya stika mbili, na kwa nini nimerudi kuisafisha injini ya methanoli

Hasira hizi ninazo tangu kabla ya masika, leo nazitoa. Kama unafikiria kuhama kutoka injini ya methanoli kwenda mota ya umeme kwenye ndege yako ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, soma kwanza yaliyonikuta.

Mimi ni mtu wa injini. Ndege yangu ya kwanza, ya bawa la juu, inabeba injini ya O.S. ya 7.5 cc, ya Kijapani, ambayo niliinunua ikiwa tayari imetumika na bado inawaka kwa kuzungusha propela mara mbili tatu. Shida yake ni mafuta. Hayauzwi sheli, na ndege ya abiria haikuruhusu kuyabeba kwenye begi. Kwa hiyo hapa Dar huwa nachanganya mwenyewe, asilimia 80 methanoli na 20 mafuta ya nyonyo ya kulainisha, bila nitro (nitromethani, ile ya kuongeza nguvu). Inanguruma vizuri tu. Lakini methanoli ni sumu, ikishika moto juani huuoni ule moto, na dumu lisipofungwa barabara linanyonya unyevu wa pwani hii mpaka injini inaanza kukohoa. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na ndiye msaidizi wangu. Kulala na dumu lile ndani ya nyumba kulikuwa kunaninyima usingizi.

Basi nikaamua kwenda kwenye umeme. Tulijenga ndege ya pili mimi na yeye, mbao nyepesi ya balsa tupu, jioni baada ya jioni, yeye akipiga pasi plastiki ya kufunika bawa, nyekundu na nyeupe. Mota nzuri, kidhibiti mwendo kizuri. Betri ya lithiamu ya seli tatu nikainunua duka moja mjini, stika inasema 2200 (mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba), bei karibu elfu tisini.

Mara mbili za kwanza, jamani, nilifurahi. Hakuna plagi ya kupasha moto, hakuna kupangusa mafuta kwenye bawa baada ya kila mruko (na anayejua injini anajua, yale mafuta ya kulainisha yote yanatokea kwenye ekzosi na kutua kwenye ndege). Unachomeka waya, unaruka. Mota inalia kama cherehani.

Mara ya tatu tulikuwa Kigamboni. Nimegeuza ndege kuileta chini, upepo wa baharini unaisukuma kwa pembeni, naongeza nguvu kidogo, mota ikazima. Kimya. Haikukohoa wala kupunguza sauti kwanza. Kidhibiti kilikuwa kimekata umeme wa mota ili usukani ubaki na chakula, na hapo kilifanya kazi yake. Ila nilikuwa chini mno. Ikaangukia shamba la mihogo, bawa likakatika katikati, pale pale alipopiga pasi mtoto. Hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja.

Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nikapima seli: mbili zina volti 3.6, ya tatu 2.8. Tukaifukia kwenye sufuria ya mchanga nje ya nyumba, maana betri iliyovimba si ya kuingiza ndani. Asubuhi nikaona stika imeanza kubanduka pembeni. Nikaivuta. Chini yake kuna stika nyingine, imeandikwa 1500.

Nikarudi dukani na binti yangu, na zile stika mbili kwenye bahasha. Kijana wa kaunta hakuinua macho kwenye simu yake. Nikamweleza taratibu. Akaniambia, "Mzee, umeichaji kwa chaja ya simu nini?" Nina chaja ya kusawazisha seli, na sijawahi kuiacha betri imejaa usiku kucha. Nikamwonyesha stika. Akasema, "Stika ni stika tu, betri haina warantii." Halafu akamgeukia mteja mwingine. Mbele ya mwanangu. Hela sikurudishiwa, na hata neno pole sikulisikia.

Usiku ule niliapa umeme sirudii. Injini huwa inakwambia. Mafuta yakipungua kwenye mchanganyiko wake na hewa sauti inapanda, moshi unakatika, unajua kuna jambo, unashusha ndege na kufungua sindano ya kabureta kidogo. Kwenye injini nasikia kwa sikio. Betri ilininyamazia mpaka dakika ya mwisho.

Lakini hasira ikipoa kidogo lazima niseme kweli: si umeme ulionidanganya, ni mtu. Rafiki yangu aliniazima betri yake, nimeirusha ndege tuliyoitengeneza upya mara sita au saba, haina tatizo lolote. Tena alfajiri, wakati injini yangu ingeamsha mtaa mzima. Kwa anayeanza leo, na hasa mwenye watoto, ningemwambia aanze na umeme. Apime kila seli kabla na baada ya kuruka, asishuke chini ya volti 3.5 kwa seli, na akiona kwenye chaja betri ya 2200 iliyoisha inajaa kwa 1300, aitilie shaka siku hiyo hiyo. Mimi namba ile niliiona nikaipuuza. Hilo linaniuma kuliko elfu tisini.

Nimeandika hivyo, na sasa nikikumbuka yule kijana na simu yake, najikuta nabadilika tena. Ukinunua methanoli mbovu, injini inakataa kuwaka ukiwa bado chini, unarudi nyumbani na ndege yako nzima. Betri feki inakubeba mpaka juu kwanza. Kwa mji ambao stika inabandikwa juu ya stika na hakuna wa kumuuliza, tofauti hiyo si ndogo.

Jana nimeifungua O.S., nimeisafisha, nimeweka plagi mpya. Binti ameuliza Jumapili tunabeba ipi. Nimemwambia zote mbili, na dumu litalala kwenye banda la jirani.