Karakana ya injini za boti Industrial Area: nyota moja, labda tatu

Kama una injini ya boti ya zamani na umeelekezwa kwa ile karakana ya Industrial Area, Nairobi, ambayo kila mtu anaisifu, soma hapa kwanza kabla hujalipia pikapu ya kuibeba.

Yangu ni Evinrude, injini ya kufungwa nyuma ya boti, ya miaka ya 70, nguvu za farasi 25. Shida yake ilikuwa moja tu: ukiiwasha inanguruma vizuri, ukiongeza mafuta polepole inakubali, ukivuta mkono kwa haraka inakohoa na kuzima. Nilimweleza fundi mkuu hivyo hivyo. Nikamwambia na ninachoshuku, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua kifuniko nikaona ule mkono mdogo unaofungulia kabureta unacheza. Hakujisumbua kuangalia injini. Alinitazama mimi, akachungulia nyuma yangu kwenye gari, akauliza, “Mama, kwani mzee yuko wapi tuongee naye?”

Mzee gani? Injini ni yangu, boti ni yangu, na pesa alizopokea kwa M-Pesa zilitoka kwa simu yangu. Nikamwambia hakuna mzee, ni mimi. Akacheka na wenzake, kisha akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, “Sawa mama, wewe tuachie tu, hii ni kabureta.”

Basi kabureta ikafunguliwa. Ikaoshwa, ikawekewa gasketi mpya, plagi zikabadilishwa, bili ikapanda. Siku zikapita, simu hashiki. Nilipokwenda mwenyewe akaiwasha ndani ya pipa la maji, akaongeza mafuta taratibu kama mtu anayepima sukari ya chai. Nikamwomba avute kwa haraka, maana hapo ndipo ilipo shida. Akakataa, eti nitaua mashine. Halafu akanipa ile sababu ambayo hadi leo ikinijia nachemka: “Hewa ya Nairobi ni nyepesi, mama. Ukishuka Naivasha itakaa sawa.”

Ukishuka Naivasha! Ni kweli barabara inateremka ule ukuta wa Bonde la Ufa, lakini ziwa lenyewe liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi haifiki 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi. Mtu anayelipwa kutengeneza injini zinazokwenda ziwa lile anapaswa kujua hilo kuliko mimi.

Ziwani ikanizimia vilevile. Nilikuwa nimeona viboko upande wa matete, nikavuta mkono niondoke upesi, ikakohoa, kimya. Wanaojua Naivasha wanajua kiboko si mnyama wa kusubiriwa huku unavuta kamba ya kuwashia. Nashukuru upepo ulikuwa unasukuma upande mwingine.

Nikairudisha nikiwa nimejiandaa kwa vita. Fundi mkuu hakuwepo. Aliyekuwepo ni kijana anayeosha spea kwa petroli pale nyuma, hata stuli ya kukalia hana. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, “Madam, tufungue tuone.” Kufungua kifuniko, mkono ule mdogo una alama za plaizi. Ulikuwa umepindwa! Mimi niliusema siku ya kwanza, nao wakaupinda kimyakimya wakaendelea na kabureta yao.

Sasa hapa lazima nimsifu mtu. Kijana alinieleza kwamba kwenye injini hizi mkono mmoja wa mafuta unafanya kazi mbili. Unazungusha sahani ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) iliyo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, ili cheche iwahi, na kamu, yaani ukingo uliopinda ulio kwenye sahani hiyo, inasukuma kigurudumu kinachofungua kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachoruhusu hewa kuingia. Cheche itangulie, kipepeo kifuate. Kwenye kamu kuna alama, na kipepeo kinatakiwa kianze kufunguka pale tu kigurudumu kinapoikalia alama hiyo katikati. Changu kilikuwa kinafunguka mapema, kabla cheche haijatangulia, kwa hiyo injini ilikuwa inapaliwa. Hakuna skrubu ya kabureta ya kutibu hilo.

Akanyoosha ule mkono. Kigurudumu kilikuwa kimelika upande mmoja. Bosi wake alikuwa ameniambia spea hazipo, kampuni ilishakufa. Kuhusu kampuni si uongo: OMC, waliokuwa wakitengeneza Evinrude, ilifilisika mwaka 2000, na waliochukua jina la Evinrude wakaacha kuzitengeneza 2020. Lakini kigurudumu ni kipande cha plastiki! Kijana alikwenda kwa jirani mwenye mashine ya kukereza, akarudi na kingine cha nailoni. Halafu akatoa kibanio cha nguo, akakibana kwenye ncha ya ekseli ya kipepeo. Akasukuma kamu kwa kidole, polepole. Macho hayaoni kipepeo kikianza kusogea, ila ncha ya kibanio inaonekana ikitikisika. Ikatikisika kabla ya alama. Akalegeza skrubu, akasogeza, akajaribu tena. Safari hii ikatikisika juu ya alama kabisa, naye akakaza.

Sasa navuta mkono ghafla na boti inaruka. Kwa hilo ningewapa nyota tano, na kabureta, kusema kweli, waliiosha ikang'aa. Basi tatu. Lakini fundi mkuu aliporudi alisimama kando ya injini akamwambia mteja mwingine, “Hii tuliitengeneza juzi, ilikuwa kazi ngumu,” na kijana amesimama pale pale mikono inanuka petroli. Moja. Ukienda, pitia mlango wa nyuma. Pesa za kabureta nimezidai, nimeambiwa nisubiri mwisho wa mwezi. Mwezi upi, hakusema.