"Mbona mwenyewe halalamiki?" Saluni ya miguu ilivyomkata mama

Kama una mzazi mwenye sukari, soma hii kabla hujampeleka kwenye hizi saluni za miguu zilizozagaa mjini. Niliyompeleka mama iko Mikocheni, jina silitaji. Ilikuwa mwezi uliopita, mwishoni mwishoni. Mama ana sukari miaka mingi, visigino vimejaa magaga, na mguu wa kushoto una sugu nene chini ya kidole gumba. Kuinama hawezi tena, na macho hayamsaidii kujikata kucha. Nilitaka mtu mwenye ujuzi, si wale vijana wanaopita mtaani na vikapu vya rangi. Ukutani pale wameandika kwa herufi kubwa kwamba wanatunza miguu kitaalamu, hadi ya wazee na wagonjwa.

Mapokezi nilisema wazi kwamba mama ana sukari. Dada wa pale akaandika kwenye karatasi, nikiwa namwangalia.

Karatasi ikabaki mezani. Binti aliyetuhudumia hakuuliza kitu, akaleta beseni la maji na kuushika mguu wa mama autumbukize. Nikamzuia, nikachovya kiwiko: yalikuwa maji ya kunyonyolea kuku! Akaongeza ya baridi huku akisonya. Mtu aliyepoteza hisia miguuni hajui kwamba maji yanamuunguza, anakuja kujua malengelenge yakishatoka. Kliniki ya sukari hilo hufundishwa mapema sana, pamoja na kutoloweka miguu muda mrefu.

Haki yake nampa: kucha alizikata vizuri, zimenyooka, hakuchimba pembeni. Katikati ya vidole alikausha vizuri kwa taulo. Mkono wake mwepesi, na mama alimpenda. Nikaitwa mapokezi kulipia.

Niliporudi ana wembe mkononi. Wembe mtupu, ule wa kunyolea ndevu, ameubana kwa vidole viwili, glavu hana, anakwangua ile sugu. Damu ilikuwa imeshachora mstari kutoka kwenye unyayo hadi kisigino, inadondokea taulo jeupe, na mama anaendelea kumsimulia habari za mvua za Lushoto.

Nikapiga kelele, "Dada, unamkata!"

Akainua uso, akanitazama kama vile nimemwingilia kazini kwake. "Mbona mwenyewe halalamiki?"

Mama naye akageuka, ananishangaa mimi. "Ananikwangua tu, mwanangu. Sisikii kitu."

Hasikii kitu kwa sababu ndio ugonjwa wenyewe! Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, ganzi inapanda kidogo kidogo, mtu anakanyaga msumari na kutembea nao. Madaktari wa hapa hapa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasijue mpaka asubuhi. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemsubiri alalamike? Kidonda kidogo, damu haifiki vizuri, vijidudu vinaingia, na ikifika kwenye mfupa mazungumzo yanakuwa ya kukata mguu. Jirani yetu alianza na lengelenge la kiatu kipya. Leo anatembelea magongo.

Meneja alikuja na pamba, akasema wateja wao wote wanaridhika. Wateja wote! Pole hakutoa. Tukatoka hapo kwa bajaji hadi kliniki anakotibiwa mama.

Na kule nisiwasifie sana, foleni ilitumaliza. Lakini muuguzi aliyetupokea alianza kwa kumvua mama viatu vyote viwili na kuingiza mkono ndani ya kila kimoja, akipapasa kama kuna kijiwe au mshono uliotokeza. Akasafisha kidonda, akakifunga. Kisha akachukua kifaa chenye uzi mgumu wa nailoni, akamwambia mama afumbe macho, akawa anaugusisha kwenye nyayo mpaka unapinda. "Hapa unasikia, mama?" Kulia alisikia sehemu chache. Kushoto alinyamaza mara zote. Akatafuta mapigo juu ya mguu kwa vidole. Ile sugu alisema ni kweli inatakiwa kupunguzwa, kwa sababu uzito wote unakandamiza pale na kidonda huanzia chini yake bila kuonekana, ila inapunguzwa kwa kisu kilichotoka kwenye pakiti siku hiyo na mtu anayejua aishie wapi. Mama amepangiwa kurudi baada ya kila miezi michache, kidonda au bila kidonda. Miongozo ya kimataifa inasema hivyo: ganzi peke yake, kaguliwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, ganzi na mguu ulioharibika umbo au damu isiyofika vizuri, miezi 3 hadi 6, aliyewahi kupata kidonda, mwezi 1 hadi 3.

Na wasiniambie utaalamu huu haupo nchini. Mpango wa Step by Step, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa wa sukari, ulianzia Tanzania na India, miaka ya 2000. Watu wa kuwauliza wapo.

Nikitulia namwonea huruma yule binti. Umri mdogo, pengine kafundishwa kupaka rangi na kusugua visigino, akapewa wembe akaambiwa endelea. Na kwa mtu mwenye miguu mizima pale ni pasafi, ningewapa hata nyota tatu. Lakini ule wembe, mbona sikuona pakiti yake? Ulitoka kwenye mguu wa nani kabla ya mama? Basi hata mwenye miguu mizima asiende. Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi aliyeandika alichoambiwa.

Kidonda cha mama kinafunga polepole, bado tunakwenda kubadilisha bandeji. Saluni walinipigia wakitaka kunirudishia nusu ya pesa. Nimekataa. Ninachotaka ni kwamba anayeshika mguu wa mtu aulize kwanza habari ya sukari, na kama hawajui kuhudumia mguu wenye ganzi waseme hapo hapo mlangoni na wafute yale maandishi ya ukutani. Meneja amesema atanipigia tena. Mpaka leo hajapiga.