Matairi ya dragi ya mtumba: muuzaji mkweli, mpira mkavu

Jozi hii nimeshaikimbiza mara tisa, kwa hiyo naweza kuisema. Ni matairi ya nyuma ya gari la dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka), inchi 28 kwa 10.5, rimu ya 15, niliyouziwa na jamaa aliyekuwa anabadili saizi. Tangazo lake: "Yamekimbia mara 12 tu, hayajawahi pancha." Hakunidanganya hata neno moja, na bado nimeumia.

Tairi la gari la kawaida likiwa kipara unalitupa. Haya ya dragi huzaliwa vipara, hivyo jicho halina cha kukagua zaidi ya vile vitundu vidogo vya kupimia ulaji. Nilichomeka kijiti cha kuchokolea meno, kikazama vizuri. Nikatazama kuta za pembeni, hakuna nyufa. Nikalipa.

Kufika nyumbani ndipo nikabonyeza ukucha. La kulia lilipokea, alama ikabaki. La kushoto, kama soli ya kiatu cha shule! Nikaazima kipimo cha ugumu wa mpira (namba ikipanda, mpira ni mgumu zaidi): kulia 52, kushoto 63. Nikampigia. Akafikiri kidogo, kisha akasema la kushoto lilikaa dirishani miezi mingi, jua likilipiga, karibu na kompresa. Basi. Jua hukausha mpira, na cheche za mota ya umeme hutoa ozoni, nayo huula polepole. Mbio 12 hazikuwa na hatia.

Uwanjani nilianza na paundi 12 za upepo, nikachoma matairi (kuyazungusha papo hapo yapate joto) muda mrefu kuliko kawaida yangu. Futi 60 za mwanzo: sekunde 1.68. Jozi mpya iliyopita ilinipa 1.55. Gari linavuta kushoto kila nikiachia klachi, maana difu yangu imefungwa (magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka pamoja) na upande wa kulia ndio unaoshika. Nikishusha upepo wa kushoto kidogo linatulia, ila mwisho wa njia mkia unayumba, na hapo sipendi kucheza. Nimerudi 12 pande zote.

Jamaa alinirudishia sehemu ya pesa bila kubishana, na alikuwa ameyafunga kwa nailoni nyeusi safi kabisa (laiti angeyafunga hivyo tangu mwanzo). Yeye nampa nyota nne. Matairi, mbili, na ya pili ni kwa ajili ya lile la kulia.

Wiki iliyofuata nikauza jozi yangu ya zamani. Niliandika yote: ugumu wa kila tairi, mzunguko kwa tepu yakiwa na upepo sawa, matundu ya skrubu zinazoshikiza tairi kwenye rimu, hata mahali yalipohifadhiwa. Mnunuzi akauliza swali moja tu: "Yamekimbia mara ngapi?"