Kabla hujalipia balbu, toa simu

Tangu shule zifunguliwe malalamiko mnayoniletea yanafanana. Mama mmoja wa Sakina, hapa Arusha, anasema mwanawe akisoma nusu saa tu anaanza kufikicha macho. Baba wa Kijenge alishamnunulia binti miwani, kichwa bado kinamgonga. Wote walitoa glopu za zamani wakaweka LED, na wote walichagua kwa wati na bei.

Wati sina haja ya kuzirefusha. LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa glopu ya wati 60. Ukiwasha saa tano kwa siku, glopu inakula uniti 9 kwa mwezi, LED haifiki moja na nusu. Kwa anayepigana asivuke uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu ya umeme, huo ni unafuu wa kweli. Pini au skrubu, tazama holda yako.

Kinachonikera mimi ni mwanga unaocheza. Umeme wetu unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo balbu isiyo na kapasita (kifaa cha kutuliza umeme) ya maana ndani yake inafifia na kurudi mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kitu, lakini wapo wanaochoka macho na kuumwa kichwa, hasa wenye kipandauso. Boksi halikwambii. Washa kamera ya simu, isogeze karibu na balbu inayowaka. Ukiona mistari myeusi minene inatembea kwenye kioo, irudishe hapo hapo. Kamera nyingine zinaficha, basi chukua kalamu uipitishe kwa kasi mbele ya taa. Kwenye mwanga uliotulia utaona kivuli kimoja laini; kwenye mwanga unaocheza utaona kalamu nyingi zimepangana kama meno ya chanuo.

Namba moja kwangu ni Philips, hasa zenye maandishi ya EyeComfort kwenye boksi. Ndiyo, napendelea, na sioni haya. Bei inauma, kwa hiyo usiweke nyumba nzima: anza na meza ya kusomea na jikoni unakokatia vitunguu.

Ya pili ni Tronic, ambazo huhangaiki kuzipata. Sebuleni na barazani zinatosha, nazo zipitishe kwenye kamera kama nyingine zote.

Ya tatu ni balbu za kuchaji. Umeme ukikatika usiku utanishukuru, ila ziweke koridoni.

Enaji seva za mrija uliojikunja naziweka mkiani. Zina zebaki, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuziondoa zile za hadi wati 30 ifikapo 2025. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, ujue stoo inasafishwa. Ikikupasukia, fungua madirisha, watoe watoto nje, usiipige fagio.

Za mikokoteni pale Kilombero: choo na stoo, basi.

Sasa wauzaji wetu. Zunguka maduka ya karibu na Soko Kuu uombe kupima. Kijana anachomeka sekunde mbili, anachomoa: "Si inawaka, dada?" Ukitoa simu anadhani unampiga picha. Boksi limeandikwa garantii miaka miwili, lakini ukirudi nayo imekufa, kosa linakuwa la umeme wa kwenu. Ukimuuliza risiti iko wapi, anakukumbusha kwamba hukupewa. Na siku unayoidai mapema, mashine ya EFD haina mtandao, au bei uliyotajiwa mwanzo ilikuwa "ya bila risiti".

Mwenye duka Arusha mjini anayeruhusu mteja apime kwa kamera, na anayetoa risiti bila kununa, ajitokeze. Nina holda tatu za nje zinasubiri, na jirani yangu anahamia nyumba mpya Njiro.